"Tumekuja Kupima": Neno Moja na Kazi Nyingi katika Upimaji wa Ardhi ya Nyamasaria

1.0 Utangulizi

Mtu akisimama katika makutano ya Nyamasaria, mashariki mwa jiji la Kisumu, huiona barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Kericho na Ahero ikiingia mjini, na barabara ya kuzunguka jiji ikichepuka kuelekea kaskazini. Karibu na hapo upo Mto Nyamasaria, uletao maji ya milima ya Nandi kupitia Kibos hadi Ghuba ya Winam. Kandokando yamo maduka, nyumba za kupangisha, mashamba madogo ya mahindi na mboga, na maboma ya zamani ambamo wazee wamezikwa. Mahali pa namna hii taasisi za umma haziachi kupita. Leo ni barabara, kesho ni bomba la maji, keshokutwa ni nguzo za umeme au mfereji wa kuzuia mafuriko. Kila mradi hutanguliwa na watu wachache wenye chombo cha miguu mitatu, fimbo ya rangi nyekundu na nyeupe, na kopo la rangi. Mwenye boma akiuliza wamefuata nini, hupewa jibu fupi: "Mzee, tumekuja kupima."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini halitoshi. Hoja yetu ni kwamba kitenzi *kupima*, jinsi kinavyotumiwa katika shughuli za ardhi, kimebeba kazi tano au sita zilizo tofauti kisheria na kitaalamu. Baadhi ya kazi hizo hazimwondolei mwananchi hata unyayo mmoja wa ardhi yake. Nyingine ni hatua ya kwanza ya kuitwaa. Asiyezitofautisha huweza kung'oa kigingi kisichomdhuru, kisha akanyamaza pale alipopaswa kusema. Basi suala hili ni la wapimaji na wanasheria, lakini pia ni letu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Mpimaji aliyetoka Nairobi na mzee wa Nyamasaria aghalabu hukutana katika lugha hii, ilhali ramani, sheria na fomu zimeandikwa kwa Kiingereza.

2.0 Maneno tuliyonayo

Kabla ya kuingia katika utaalamu, ni vyema tuyatazame maneno yenyewe. *Kupima* katika Kiswahili ni kitenzi chenye maana nyingi. Tunapima unga kwa mizani, tunapima nguo kwa futi, daktari hutupima damu, na mwenye busara hupima maneno kabla ya kuyatamka. Katika maana hizi zote kuna jambo moja la msingi, nalo ni kukilinganisha kitu na kipimo kinachokubalika ili kukijua. Katika shughuli za ardhi, hata hivyo, mazungumzo ya kawaida yamekipanua kitenzi hiki zaidi. "Wamepima shamba la marehemu" huweza kumaanisha kwamba wanawe wamegawana. "Serikali imepima" huweza kumaanisha kwamba imetwaa. "Amekuja kupima ploti" huweza kuwa ni kuthamini bei tu.

Neno *ramani* nalo lina historia yake. Wanaisimu hulihusisha na *rahmani*, jina la vitabu vya mwongozo vya manahodha wa Bahari ya Hindi, ambalo nalo linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia. Kwa asili yake, basi, ramani ilikuwa kitu cha kumwongoza msafiri afike. Haikuwa hati ya kumwambia mtu mali yake inaishia wapi. Matumizi hayo ya pili yalikuja pamoja na dola ya kisasa, usajili na kodi.

*Mpaka* ni nomino, na pia ni kiunganishi cha mahali na wakati: "tembea mpaka Ahero", "ngoja mpaka kesho". Kwa Wajaluo wa Nyamasaria, mpaka kati ya mashamba mawili huitwa *kiewo*. Huo si mstari uliochorwa. Ni ukanda wa nyasi usiolimwa, au safu ya minyaa na mikonge, unaojulikana na majirani na kukumbukwa na wazee. Upana wake unaonekana kwa macho. Jambo hili dogo tulishike vizuri, kwa kuwa tutalirejea.

3.0 Jinsi ardhi ilivyoingia katika ramani

Upimaji wa kisasa uliufikia ukanda huu pamoja na reli. Msafara ulioongozwa na Kapteni J. R. L. Macdonald ulipima njia kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria katika miaka ya 1891 na 1892, na reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Idara ya upimaji ya serikali ya kikoloni, ambayo leo ni Idara ya Upimaji ya Kenya yenye makao yake Ruaraka jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka 1903. Kazi zake za mwanzo zilihusu hasa ardhi ya walowezi, ya reli na ya miji. Viwanja hivyo vilipimwa kwa thiodolaiti na mnyororo, na pembe zake zikawekewa bikoni.

Mashamba ya Waafrika hayakupimwa hivyo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipopendekeza umilikaji wa mtu binafsi, kilichohitajika kilikuwa ni kuandikisha mashamba mengi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Baada ya uhuru, Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka 1968 iliweka utaratibu uliotumika sehemu nyingi za Nyanza. Kamati ya wazee wa eneo husika ilisikiliza nani ana haki gani na wapi. Mipaka ikaonyeshwa ardhini kwa ua au kwa alama. Kisha rejista ikawekwa wazi, na mwenye pingamizi akapewa siku 60 kulitoa. Mahali pengi michoro ilitokana na picha za angani zilizokuzwa. Ua ulioonekana katika picha ulifuatishwa kwa kalamu, nao ukawa mpaka wa shamba katika ramani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ya Kisumu ilipanuliwa mno, ikazimeza sehemu za mashambani zilizoizunguka. Mwaka 2001 Kisumu ikatangazwa kuwa jiji. Kwa hiyo eneo kama Nyamasaria lina sura mbili. Kwa utawala ni mjini. Kwa hatimiliki ni shamba lililosajiliwa kwa utaratibu wa mashambani, kwa jina la sehemu ya usajili na namba, kama zinavyoonekana hati za Kisumu/Kasule. Bei ya ardhi ni ya mjini, lakini ramani ni ya shamba. Mivutano mingi hutokea hapo.

4.0 Mipaka ya jumla na mipaka thabiti

Sheria ya Kenya inatambua mipaka ya aina mbili. Mpaka *thabiti* ni ule ambao kila pembe yake imepimwa kwa usahihi, ikawekewa bikoni na kuandikiwa vipimo katika plani iliyothibitishwa na Mkurugenzi wa Upimaji. Bikoni ikipotea, mpimaji huweza kuirudisha mahali pake kwa kutumia tarakimu hizo. Mpaka *wa jumla* ni ule unaotambulishwa na kitu kilichopo ardhini, kama vile ua, mtaro au njia, na ramani huonyesha tu kwamba kitu hicho kipo karibu na hapo. Ramani ya aina hii ndiyo tutakayoiita hapa ramani ya faharasa ya sajili. Kazi yake ni kumwezesha msajili kujua shamba gani linapakana na lipi, kama faharasa ya kitabu inavyotuonyesha ukurasa bila kutusimulia yaliyomo.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema jambo hili waziwazi. Isipokuwa mpaka uwe umethibitishwa na kuandikwa hivyo katika sajili, ramani huchukuliwa kuwa inaonyesha mipaka na mahali pa kiwanja kwa makadirio tu. Kifungu hicho pia kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla mpaka huo haujaamuliwa na msajili wa ardhi kwa utaratibu uliowekwa. Wengi hawalijui hilo. Hukimbilia kwa wakili wakatumia fedha nyingi, kisha wakarudishwa kwa msajili walikopaswa kuanzia.

Ili tuone uzito wa neno "makadirio", tufanye hesabu ndogo. Chukua ramani yenye skeli ya 1:2,500, ambayo ni ya kawaida kwa maeneo yenye mashamba madogo. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita katika karatasi hiyo huwakilisha mita 1.25 ardhini. Sasa chukua ploti ya kawaida ya Kenya, ile iitwayo hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, na eneo lake ni takriban mita za mraba 464. Ukanda wa mita 1.25 kwenye upande mrefu wa ploti hiyo ni mita za mraba 38. Hivyo, unene wa mstari peke yake umebeba asilimia 8 ya ploti. Ikiwa skeli ni 1:5,000, ukanda huo ni mita 2.5 na sehemu hiyo inazidi asilimia 16.

Hapa ndipo tunapokumbuka *kiewo*. Mpaka wa majirani ulikuwa na upana, na kila mmoja aliuheshimu kwa kutolima ndani yake. Mchoraji aliugeuza kuwa mstari. Baadaye shamba la eka tatu likagawanywa kuwa ploti ishirini, na wanunuzi wakaanza kuusoma ule mstari kana kwamba umechorwa kwa sindano. Ramani haikuwa imesema uongo. Ilikuwa inaulizwa swali ambalo haikutengenezwa kulijibu.

5.0 Taasisi ya umma inapokuja kupima

Tuliyoyaeleza yanatuwezesha sasa kuchambua kauli "tumekuja kupima". Mpimaji wa taasisi ya umma, au wa kampuni iliyopewa zabuni na taasisi hiyo, huweza kuwa anafanya mojawapo ya kazi zifuatazo.

Ya kwanza ni *upimaji wa umbile la nchi*. Hapa huchukuliwa vimo vya ardhi, miti, nyumba, mito na njia, ili itengenezwe ramani yenye kontua. Siku hizi picha za ndege zisizo na rubani hutumika pia. Katika uwanda tambarare kama wa Kano, tofauti ya nusu mita ya kimo huamua maji yataelekea wapi, hivyo kazi hii ni muhimu sana kwa wanaopanga madaraja na mitaro. Haigusi haki ya mtu yeyote. Nyumba kuonekana katika ramani hiyo si dalili kwamba itabomolewa.

Ya pili ni *upimaji wa usanifu*. Mhandisi huchora njia ya barabara au bomba, na mpimaji huihamisha njia hiyo kutoka kwenye mchoro hadi ardhini kwa kupigilia vigingi. Kigingi cha katikati ya barabara si mpaka wa barabara. Zaidi ya hayo, njia huweza kubadilishwa mara kadhaa kabla ya uamuzi wa mwisho.

Ya tatu ni *upimaji wa kubainisha mipaka*. Taasisi hutaka kujua ardhi ambayo tayari ni ya umma inaishia wapi, kwa mfano hifadhi ya barabara. Mamlaka ya Barabara Kuu, yaani KeNHA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hufanya kazi ya namna hii. Mtu aliyejenga ndani ya hifadhi hiyo huweza kutakiwa aondoke bila kulipwa thamani ya ardhi, kwa sababu ardhi si yake. Ikiwa mpaka wa shamba lake katika ramani ni wa jumla, ana haki ya kuuliza ni kwa plani gani hifadhi imepimwa, na kuomba msajili auamue mpaka huo.

Ya nne ni *upimaji wa utwaaji*. Hapa ardhi ni ya mtu na umma unaihitaji. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010 inaruhusu utwaaji kwa manufaa ya umma ikiwa fidia ya haki italipwa kikamilifu na kwa haraka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka hatua. Kusudio la kutwaa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ardhi inayotwaliwa sharti ipewe viwianishi na kuthibitishwa na ofisi husika ya upimaji. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hufanya kikao cha uchunguzi, si chini ya siku 30 tangu tangazo la kusudio, na hapo kila mwenye maslahi huwasilisha dai lake. Sheria hiyo haimtaji mwenye jina katika sajili peke yake. Inamtaja pia mwenzi wake, pamoja na mtu anayeikalia ardhi kwa hakika na mwenzi wa mtu huyo. Kwa maboma mengi ambayo hatimiliki bado ina jina la babu aliyefariki, maneno hayo machache ni ngao kubwa, hasa kwa wajane.

Ya tano si upimaji hata kidogo, bali ni *uthamini*. Mthamini huhesabu miti, hukagua nyumba na kukadiria bei. Kwa kuwa naye huja na futi na daftari, wenyeji husema "amekuja kupima".

Barabara ya kuzunguka jiji na ukarabati wa barabara ya kutoka Nyamasaria hadi Kisian, uliofanyika katika miaka ya 2010, ni mfano wa mradi ambao hauwezi kutekelezwa bila kazi zote hizi. Sasa tumfikirie mwenye boma wa kubuni katika mradi kama huo. Ameona watu wakipigilia vigingi mara ya kwanza, akaogopa na kuving'oa usiku. Alikuwa ameng'oa alama za usanifu, na kazi ikarudiwa kwa fedha za umma. Mwaka uliofuata walikuja wengine na chombo kile kile. Naye, akiwa amechoka na mambo yasiyo na mwisho, hakuuliza kitu. Safari hii ulikuwa upimaji wa utwaaji, na kikao cha uchunguzi kilipoitishwa hakuwepo. Neno alilosikia mara zote mbili lilikuwa moja.

6.0 Vyombo vikali, ramani pole

Huenda msomaji akadhani kwamba setilaiti zimeyamaliza matatizo haya. Ni kweli kwamba kipokezi cha kitaalamu, kikifanya kazi pamoja na kituo cha rejea, huweza kutoa mahali pa nukta kwa usahihi wa sentimita chache. Simu ya mkononi hukosea kwa mita kadhaa. Hata hivyo, chombo kikali hakiwezi kuupa mpaka usahihi ambao haukuwahi kuwa nao. Kikipima katikati ya ua, kinatupa mahali pa ua wa leo, si mahali pa ua wa siku ile picha ilipopigwa kutoka angani.

Lipo pia tatizo la mfumo wa rejea. Ramani nyingi za Kenya zilichorwa katika mfumo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia mfumo wa WGS 84. Nukta moja ya ardhi ina tarakimu tofauti katika mifumo hii miwili. Mtu akichukua tarakimu za setilaiti na kuzitia katika ramani ya Arc 1960 bila kuzigeuza, atakosea kwa takriban mita 300. Kwa Nyamasaria umbali huo ni wa kutosha kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, tena akapita na nyumba za jirani. Kwa hiyo, tarakimu zisizotajiwa mfumo wake hazina maana, kama vile bei isiyotajiwa sarafu.

7.0 Mto na mpaka usiotulia

Nyamasaria ina jambo jingine linalotatiza upimaji, nalo ni maji. Kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba, mito na maziwa ni ardhi ya umma. Lakini mto hauna bikoni. Katika uwanda wa Kano mito hubeba udongo mwingi, huujaza mkondo wake, na mvua kubwa zikija hutafuta njia nyingine. Shamba ambalo hati yake inasema linapakana na mto hujikuta lina mto katikati.

Wanasheria wa mfumo wa Kiingereza kwa muda mrefu wametofautisha mto unaosogea polepole, ambao mpaka husogea nao, na mto unaoruka ghafla, ambao mpaka hubaki ulipokuwa. Kuhusu ukanda wa kando ya mto usiofaa kujengwa, Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007, kwa mfano, ziliuwekea upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Swali la mpimaji huwa ni lile lile: mita 6 kuanzia wapi? Ukingo wa kiangazi si ukingo wa masika. Mnamo Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kukizidi kidogo kiwango cha juu kilichorekodiwa mwaka 1964, na mwaka 2024 mafuriko yaliwahamisha tena watu katika sehemu za Kisumu. Ramani ya umma isiyoonyesha maji yalifika wapi katika miaka hiyo itawaruhusu watu kununua ploti ndani ya njia ya mto, tena kwa hati halali. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa unazibwa kwa kupima vimo na kuvitangaza mapema, kabla ploti hazijauzwa.

8.0 Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mfumo wa kidijitali wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, umepewa jina la Kiswahili, Ardhisasa. Jina ni zuri, lakini jina ni mlango tu. Mwananchi akishaingia anahitaji msamiati wa kumwezesha kuelewa anachotendewa.

Hatuhitaji kubuni maneno mageni kwa wingi. Mengi tunayo, ila tumeyaacha yachanganyike. Tunapendekeza yatenganishwe hivi: *kigingi* kiwe alama ya muda ya kazi ya uhandisi, *bikoni*, neno ambalo limekwisha kuzoeleka, liwe alama ya kudumu ya pembe ya mpaka iliyoandikwa katika plani, na *alama ya kimo* iwe nukta inayojulikana urefu wake kutoka usawa wa bahari, isiyohusiana na mpaka wa mtu yeyote. Vivyo hivyo, *kugawa* kusiitwe kupima, na *kuthamini* kusiitwe kupima. Pale neno *kupima* linapobaki, liambatane na kijalizo chake: kupima umbile la nchi, kupima kwa usanifu, kupima kwa kubainisha mipaka, kupima kwa utwaaji.

Kuna watakaosema kwamba istilahi ni suala la vitabu na kwamba mzee wa bomani hatazitumia. Tunadhani hoja hiyo haimtendei haki mzee. Watu wa Nyamasaria wanatofautisha vizuri aina za udongo, za samaki na za undugu. Hawashindwi kutofautisha aina nne za upimaji wakielezwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza kwa lugha wanayoijua, na karatasi ya ukurasa mmoja ya kuachiwa mkononi. Karatasi hiyo iseme ni taasisi gani imekuja, ni upimaji wa aina gani, unatumia plani ipi, na pingamizi hupelekwa wapi na kabla ya siku gani. Kuiandika karatasi kama hiyo kwa Kiswahili sahihi na chepesi ni kazi inayoweza kufanywa na chama chochote cha wanafunzi wa Kiswahili kikishirikiana na wenzao wanaosomea upimaji. Ingekuwa zoezi bora la tafsiri kuliko mengi tunayopewa darasani.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ramani ya shamba la Nyamasaria ni hati yenye ukweli wa kiasi. Inatambulisha, lakini haikati kwa sentimita. Tumeonyesha pia kwamba taasisi ya umma inapopima huweza kuwa inatazama tu, inasanifu, inadai kilicho chake, au inaanza kutwaa kisicho chake, na kwamba kila hatua ina sheria yake na muda wake wa kupinga. Upimaji mzuri humlinda mwananchi, na huulinda umma pia dhidi ya wanaomega hifadhi za barabara na kingo za mito kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo, na gogo la umma nalo huisha vivyo hivyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye boma wa Nyamasaria daftari analo. Limo katika sajili, lina namba na lina ramani. Anachokosa ni lugha ya kulisomea. Basi siku nyingine atakapoambiwa "Mzee, tumekuja kupima", tungependa awe na swali moja la kuuliza kabla hajawakaribisha wala kuwafukuza: "Karibuni. Kupima kupi?"